Mkono Unapofika

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini Magongo, na Kiingereza changu nilikiamini mno. Bosi akaninong'oneza kwamba Karisa, dalali wa viwanja, nimweke "at arm's length".

"Sawa, bwana."

Nikaelewa ni pale mkono unapofika. Karisa alipokuja nikamvutia kiti ubavuni pangu, nikampa kahawa na mahamri, naye akawa anazisoma barua zetu mezani bila haraka.

Bosi alipotoka chumbani kwake aliganda. "Mwanaisha, nilikwambiaje?"

Nikanyoosha mkono, nikamgusa Karisa begani. "Hapa, bwana. Nimepima."

Karisa ndiye aliyeweka kikombe chini, akanieleza kwa upole, "Maana yake, mwanangu, ni kwamba mimi niwekwe mbali."