Vidole Viwili vya Kaskazini

Nikifungua mfuko wa dagaa, jiko langu lote hunuka kama sebule yetu ya utotoni, na namwona mama amepiga magoti kwenye ramani ya Kanada, anapima kaskazini kwa vidole.

Baba alikuwa akienda kujenga nyumba katika kijiji kimoja cha huko, kisichofikika ila kwa ndege. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa muuguzi katika kijiji kingine. Kati yao, vidole viwili.

"Ni hapo tu," mama akaamua, akisokomeza mfuko wa dagaa kwenye begi la baba. "Ukitoka kazini, mpitishie wifi."

Zamu yake ya huko ilipoisha, baba alirudi nyumbani na mfuko uleule. Kwenye lifti majirani walishuka kabla ya ghorofa zao, wakamalizia kwa ngazi.

"Mama watoto," alisema, hata koti hajavua, "barabara hakuna! Ili nifike hiyo 'hapo tu' yako, lazima kwanza nirudi huku Toronto, ndipo nipande ndege nyingine kwenda kuleee!"

Mama aliutazama mfuko, akamtazama na baba.

"Si umeshafika Toronto? Haya, panda."