Mdomo wa Mama Jescah

Philemon Mukhwana alikuwa na kanuni moja: hachori asichokiona. Waandikaji wa mabango walikuwepo wengine hapa Kakamega, lakini wa kuchora sura ya mtu alikuwa yeye tu, na watu walimheshimu kwa kanuni hiyo. Mwenye kengeza alichorwa pamoja na kengeza lake. Asiyependa alikwenda kwa mpiga picha.

Mwaka wa 1964 aliitwa na George Andati, karani aliyekuwa amepandishwa cheo na kuhamia nyumba ya Mzungu aliyerudi kwao. George alitaka picha ya mamake, Jescah, aliyekuwa mgonjwa. Mama huyo hakuwahi kupigwa picha. Alisema kamera humnyakua mtu kabla hajajiweka sawa.

Philemon alikaa naye kijijini siku nne, upande wa Butali. Taabu ilikuwa mdomoni. Jescah aling'olewa meno ya mbele ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa ada, na mdomo wa chini ulikuwa umeingia ndani kidogo, ukampa sura ya mtu anayezuia kicheko. Mara mbili Philemon aliukosa, akafuta. Siku ya nne aliupata.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Ni mimi," akasema. "Hata kiburi changu umekiweka. Nani alikuambia?"

"Umekaa nacho mbele yangu siku nne, mama."

Akacheka mpaka akakohoa.

George, aliyekuja kuichukua, hakucheka. "Nitundike hii sebuleni? Wakubwa wangu waje wamwone mama yangu ana pengo, masikio yaliyotobolewa yananing'inia kama kamba za mbuzi?"

"Ndivyo alivyo, bwana."

"Huo ni ujinga wa zamani. Sasa tuna Uhuru. Mwekee meno, atabasamu. Masikio yafunike kwa kitambaa."

"Nikimwekea meno, mdomo utainuka na mashavu yatafuata. Atakuwa mtu mwingine."

"Wewe ni fundi au kasisi? Mabango ya ofisi zote yanaandikwa upya mwaka huu. Unadhani nani anachagua mwandikaji?"

Philemon aliichukua picha akarudi nayo nyumbani. Baadaye alipenda kusema kwamba alilazimishwa. Hakulazimishwa; aliyatamani yale mabango. Alipaka rangi juu ya uso ule ule, na kwa kuwa meno ya Jescah hakuwahi kuyaona, alimketisha mkewe Risper dirishani, akamwambia atabasamu, akachora meno yake.

Mwezi uliofuata Jescah alifariki. Picha ikasimamishwa kando ya jeneza. Beldina, mdogo wake marehemu, akaisogelea, akainama.

"George, huyu ni nani?"

"Mama mdogo, huyu ni mama."

"Mama yako alikuwa na meno haya lini? Huyu ni Risper wa fundi, amejifunga kitambaa cha dada yangu! Risper, njoo ujione, umekufa!"

Watu walicheka mazikoni. Risper aliondoka kabla ya sala.

Jioni ile George alimfuata Philemon, mara hii akiwa mpole. "Ndugu yangu, mtoe mama yangu humo ndani. Yuko chini ya rangi, sivyo?"

Philemon alichukua kitambaa na tapentaini, akafuta polepole kuanzia kidevuni. Lakini rangi ya chini ilikuwa haijakauka sawasawa. Zilitoka zote mbili pamoja, na turubai likabaki na doa la kahawia. Akajaribu kumchora upya kwa kumbukumbu, mara tatu, mara nne. Kila alipofika mdomoni, mkono ulichora mdomo wa Risper, kwa maana huo ndio alioufanyia kazi mwisho.

Mabango aliyapata, na aliyaandika vizuri. Hakumchora mtu tena hadi kufa kwake. Wajukuu wa Jescah hawajui bibi yao alifananaje, na hakuna mahali popote pa kuwaonyesha.