Simu ya marehemu

Leo kidogo nimnyime mjane chaji.

Siku ya tatu hii hapa Murungu ni mvua na mawingu. Betri ya sola yangu inawaka nyekundu, na mwanangu ana homa, chaji iliyobaki naitunza kwa ajili ya taa yake. Asubuhi niliwaambia majirani: "Leo hata aje nani, sichaji simu ya mtu."

Saa nne akaja Mama Neema. Mumewe alifariki jana. Nikadhani kaleta simu za waliokuja msibani.

"Dada, si umesikia nilichosema?" nikamuuliza.

"Nimesikia, mama. Ila hii ni ya marehemu. Namba za wadogo zake wa Burundi zimo humu tu. Tunazika saa kumi."



Nikachomoa taa, nikachomeka simu. Tukasubiri, mtoto mapajani kwangu, hadi ikawaka.

Akapiga. Huko mtu akapokea kwa furaha: "Kaka! Mbona ulipotea?"

Mama Neema akanipa simu mimi.

Ikabidi niseme.

Ndugu zangu, namba za watu wenu mmeziandika wapi?