Gioza ya Ciakuthii

Ciakuthii wa kijijini Kanja alikuwa msafi kiasi kwamba inzi akifika mlango wa jikoni kwake alipangusa miguu kwanza. Mwanamke kama huyo ukimwambia chakula chake kimeoza, umemuua. Na ndivyo alivyoambiwa, na mke wa mwanawe, mwaka ule wa mvua ya El Nino.

Mwanawe Munyi alipelekwa Japani kusomea mifereji ya maji. Akarudi na cheti na mke. Mke aliitwa Chieko, na sisi hatukuona ajabu, maana nusu ya wanawake wa Embu ni Cia-hiki na Cia-kile, na masikioni mwetu Cia na Chie ni mamoja. Tukasema huyu ni wetu, alipotea njia tu wakati wa kuzaliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kusema asante. Akajifungua msichana. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na si jina tu: ni yeye mwenyewe amerudi. Basi Ciakuthii akawa anajiogesha, anajibeba mgongoni, anajiuliza mbona analia.

Mzazi kwetu hulishwa na mama mkwe. Ciakuthii akapika uji wa wimbi, supu ya kondoo, njahi, maharagwe yetu meusi, zilizopondwa na ndizi. Chieko alitazama sahani, akaweka mkono tumboni, akasema polepole, "Gioza."

"Amesema nini?" Ciakuthii akaniuliza. Mimi ni jirani, ua ni mmoja, na siku hizo nilishinda hapo.

"Amesema kinaoza."

"Nimekitoa motoni sasa hivi."

"Labda kwao huoza mbio."

Akanusa sufuria, akanionjesha, akamwaga, akapika upya. "Gioza," mzazi akasema. Ikawa hivyo kila siku. Mbwa wa Kanja walinenepa mpaka wakaacha kubweka. Mwizi akipita walimtazama tu, kuinuka ilikuwa kazi. Lakini Chieko alikonda. Maziwa yakapungua, na Ciakuthii mdogo akawa ananyonya, anaachilia, analia. Munyi alikuwa kazini Mwea na daraja lilikuwa limebebwa na maji. Muuguzi wa zahanati alisema mzazi ale, kana kwamba sisi tulikuwa tumemkataza.

"Sufuria nimeisugua kwa mchanga," Ciakuthii aliniambia jioni moja. "Maji nimebadilisha, kuni nimebadilisha. Labda kinachooza ni mimi."

Munyi alipofika, matope yakiwa magotini, mama yake hakumpa hata kiti. "Mwambie mkeo aseme mara moja anataka nini. Mimi nimeshindwa."

Munyi akaongea na mkewe kwa lugha ile yao, kisha akaketi akashika kichwa.

"Mama, gioza ni chakula. Nyama na kabichi ndani ya unga, inakaangwa. Mama yake humpikia."

"Inapikwaje?"

"Mimi nilikuwa nakula tu."

"Shule yote hiyo," nikamwambia, "ukarudi na mdomo peke yake."

Ikabidi Chieko afundishe akiwa kitandani, Munyi akisimama mlangoni kutafsiri, tena vibaya, kwa kuwa hakuna kitu cha jikoni alichokijua jina. Nyama ya kondoo tuliikatakata kwa panga mpaka ikalainika. Kabichi tuliikata ndogo, tukaitia chumvi, tukaikamua. Mimi nilikamua maji mengi hivi kwamba watu wa chini walidhani mto Ena umefurika tena. Tukachanganya na majani ya kitunguu, saumu na tangawizi. Unga wa ngano Ciakuthii akaukanda kwa maji moto.

Hapo ndipo alipokosea. Mkono uliozoea chapati haukubali unga mkavu: akatia mafuta. Chieko alikuwa ametuonyesha kukunja kwa leso. Duara jembamba, nyama kidogo katikati, kunja, halafu finya mikunjo upande mmoja hadi ifungike. Zetu, kwa mafuta yale, ukifinya hapa, pale panafunguka. Tukazipanga kwenye karai hivyo hivyo, na zilipoanza kuwa kahawia chini, Munyi akasema, "Sasa mwageni maji."

"Maji kwenye mafuta moto?" Ciakuthii akamtazama. "Nimekukosea nini?"

"Ndivyo anavyosema. Na mfunike."

Nilimwaga mimi, macho nimeyafumba. Karai likafoka, mvuke ukanyanyua mabati, nikafumbua macho nikaona mawingu na tako la ndege iliyokuwa ikienda Nairobi. Tulipofunua, zote zilikuwa zimeachama, nyama nje, unga umekuwa uji.

Ciakuthii akazimwaga zote. Akakanda upya, bila mafuta. Mikunjo yake ilikuwa kama sikio la mbuzi lililoliwa na kupe, lakini ilishika. Maji yalipokauka zikaanza kulia tena, chini zimekauka vizuri, akazibandua kwa kisu moja moja. Akazipeleka mwenyewe, mtoto mgongoni, sahani imefunikwa kitambaa cha wageni.

Chieko aliketi. Akachukua moja kwa vidole, akauma. Akala na ya pili. Akamshika Ciakuthii mkono, akasema asante, vizuri kabisa. Kisha akageukia ukuta, na mabega yakaanza kutetemeka. Sahani ilibaki imejaa.

"Ni chumvi?" Ciakuthii akamwambia mwanawe. "Muulize kama ni chumvi."

Munyi akauliza. "Anasema ni nzuri sana."

"Basi mbona?"

"Ni nzuri, mama. Ila anasema anamtaka mama yake."

Kwetu mke hauguzwi kwao. Akirudi kwa mama yake na mtoto, kijiji kizima kinajua ndoa imekufa, na mbuzi wa mahari wanaanza kutajwa. Hilo Ciakuthii alilijua kuliko sisi sote. Alirudi jikoni, akashika karai na gunzi la mahindi, akaanza kusugua. Munyi akaja akasimama nyuma yake.

"Mpeleke kwa mama yake," Ciakuthii akasema.

"Akienda, siwezi kukuahidi atarudi."

"Sijakuuliza."

"Na mtoto?"

"Akibaki hapa atanyonya nini, karai?"

"Watu watasema umemfukuza."

"Waseme. Mimi nitakuwa Japani, sitasikia."

Munyi alichelewa kuelewa. Halafu akatazama mgongo wa mama yake, ambapo yule Ciakuthii mdogo alikuwa amelala mdomo wazi, akatoka nje. Mimi nilitafuta uongo wowote wa kumchekesha rafiki yangu, nikakosa. Aliendelea kusugua lile karai, na lilikuwa limetakata zamani.