Dawa Aliyomnyima Kaka Yake

Saa moja asubuhi, Bi Sichana Mkadam anafungua madirisha ya chumba kimoja cha ghorofani, Mji Mkongwe, na kabla mwanga haujaingia vizuri harufu ya panya ishatoka. Anajifunga kanga kiunoni juu ya koti jeupe, kisha anapita tundu moja baada ya jingine. Anamtoa kila panya, anampima kwenye mizani, anampapasa ubavuni kwa kidole.

Pale ubavuni ndipo penye uvimbe. Panya hawa weupe wamepandikizwa saratani ya mapafu, na kazi ya chumba hiki, chini ya Daktari Mabrouk, ni kuwanywesha maji ya mizizi na magome ya miti ya Unguja, kuona kama uko hata mmoja utakaoweza kuuzuia ugonjwa huo.

"Mwanzo nlikuwa nawaogopa," anasema. "Nliajiriwa kufagia. Aliyekuwa akiwatazama alipohama, Daktari Mabrouk akaniuliza, 'Bi Sichana, utaweza?' Nkamwambia nipe wiki."

Hiyo ilikuwa mwaka 1968. Leo, miaka minne baadaye, ndiye anayetwanga mizizi, kuichemsha na kuichuja. Mshahara wake wa shilingi mia moja na themanini unalisha nyumba ya watu watano huko Miembeni. Majirani humwita Bi Panya, naye huitika.

Mwishoni mwa mwaka juzi, mti mmoja wa vichaka vya mawe vya kusini ulileta habari njema. Panya walionyweshwa maji yake, uvimbe wao ulinywea. Bi Sichana alirudi nyumbani akaisimulia habari hiyo kama anayesimulia harusi.

Wakati huo kaka yake mkubwa, Shaame, mchukuzi wa karafuu bandarini na mvutaji sigara tangu ujanani, alikuwa ameshaanza kukohoa damu. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kushoto. Akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa. Ulikuwa umeshaenea.

Mkewe, Bi Kidawa, hakungoja. Alimfuata Bi Sichana jikoni kwake.

"Wifi, chupa moja tu. Ufunguo wa kabati unao wewe."

"Ninao. Lakini wale panya wameanza kufa, Kidawa."

Ilikuwa kweli. Uvimbe ulizidi kupungua, lakini baada ya wiki chache panya waliacha kula, manyoya yakasimama, masikio yakageuka manjano. Daktari Mabrouk alipowapasua aliwakuta maini yameharibika.

"Panya unawapa, ndugu yako unamnyima," Bi Kidawa akamwambia, akaondoka.

Siku zile, Bi Sichana anasema, kila akiushika ule ufunguo aliuhisi moto. "Si kwamba sikutaka kumpa. Nlitaka. Lakini ndiye mimi nliyekuwa nikiwatoa tunduni washakufa. Ningempaje?"

Mwishowe Shaame mwenyewe akamwita. Alimkuta ameegemezwa mito, sauti imekauka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hebu nambie, hiyo dawa yenu inafanya nini?"

Akamweleza yote, hakuficha. Shaame alisikiliza mpaka mwisho.

"Na uvimbe ulipungua?"

"Ulipungua."

"Kwa hiyo walikufa wazima," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipotulia alimshika dada yake mkono. "Usinipe. Mie n'nakufa na langu. Nikifa kwa mkono wako, wewe ndiye utakayebaki nalo."

Alifariki masika ya mwaka jana. Bi Kidawa alikaa eda yote bila kumwitikia wifi yake salamu.

Eda ilipokwisha, Bi Sichana alimwomba daktari ruhusa, akamwalika Bi Kidawa kazini. Mjane yule alipanda ngazi, akasimama mbele ya matundu.

"Wako wapi walioinywa ile?"

"Hayupo hata mmoja."

Bi Kidawa alikaa kwenye kigoda, akalia kilio ambacho, kwa maneno ya Bi Sichana, hakukilia hata siku ya maziko. Tangu hapo wanasemezana. Bi Kidawa ni mzaliwa wa Jambiani, kusini, anavijua vichaka vya huko, na siku za mapumziko ndiye anayefuatana na wifi yake kwenda kuchimba mizizi.

Mti ule haujatupwa. Daktari Mabrouk ameyatenga maji yake mafungu kadhaa, akitafuta sehemu inayopunguza uvimbe bila kula ini.

"Fungu moja linatia moyo, lakini panya si mtu," anasema daktari. "Huenda tukangoja miaka kumi, na jibu likawa hapana."

Bi Sichana amemwomba mwandishi asilitaje jina la mti huo. Wenye wagonjwa, anasema, watakwenda kuukata na kuuchemsha usiku huohuo, na yeye hawalaumu.

Ana miaka arubaini na sita. Akiulizwa anatarajia nini, anafuta mikono kwenye koti, anafikiri kwanza.

"Iko siku ataletwa mtu wa mwanzo wa kuinywa dawa hii. Labda n'takuwa nshastaafu, labda nshakufa. Lakini nikiwapo, nataka nikae naye, nimwambie kila nlichokiona humu, kizuri na kibaya. Kisha aamue mwenyewe."