Mume wangu alibomoa ukuta wa mjane aliye kwenye eda, sasa anataka niseme uongo

Admin nifiche tafadhali, huyu mtu akijua nimeandika atanimaliza. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mmeru, mama wa mtoto mmoja, na naishi Isiolo. Niko na mdomo, hiyo nakubali, kwetu waliniita redio. Lakini hii imenishinda kumwambia mtu uso kwa uso, na mficha uchi hazai, kwa hivyo wacha niseme hapa.

Mume wangu ni mtu wa ofisi. Alipohamishiwa huku tulinunua nyumba ya zamani Chechelesi, ya mawe na udongo, imeungana na ya jirani, katikati ni ukuta mmoja tu. Mabati yalikuwa yametoboka, popo wamejaa darini. Nikampeleka mtoto kwa mamangu Meru tukaanza kuitengeneza. Nilifurahi jamani! Huyu mtu alinipiga miaka yote tukiwa wapangaji, na kila mara anasema ni stress ya nyumba za watu, tukipata kwetu ataacha. Mimi mjinga nikaamini. Nilipaka rangi na mikono yangu mwenyewe nikiimba.

Jirani ni dada wa Kiborana, nitamwita Amina. Siku ya kwanza alitutumia birika ya chai na mikate laini ya anjera moto, vikaletwa na kaka yake Jaldesa, mfugaji wa Korbesa aliyekuja mjini kukaa na dadake. Mwenyewe hakutoka nje hata siku moja, nikafikiri anaringa. Kumbe mumewe alikuwa amefariki na yuko eda. Aliniita ndani akanieleza polepole.

"Dada, mpaka eda iishe mwanamume wa nje haruhusiwi kuniona. Nasikia mnataka kubomoa huo ukuta wa katikati mjenge mpya, na hapo ndipo ninalala. Mwambie mzee wako angoje tu kidogo, imebaki wiki mbili."

Nikamwambia hakuna shida. Kumwambia mume wangu ndiyo ikawa vita. "Nyumba ni yangu, ukuta ni wangu, halafu ningoje mtu amalize kulia?" Fundi wetu aliposikia habari ya eda aliweka vyombo vyake kwa mfuko, akasema yeye hapo hagusi, akaenda zake. Hiyo ilimchoma mume wangu kabisa. Jumamosi asubuhi akachukua nyundo kubwa, ile ya kuvunja mawe, akaanza mwenyewe. Nilimshika shati nikimsihi. Alinizaba kofi nikakaa chini.

Udongo wa zamani hauna nguvu. Kipande kikubwa kiliangukia upande wa pili, na vumbi ilipotulia nikamwona Amina kwa mkeka, nywele wazi, amejiziba uso na mikono akipiga nduru. Mtu na akili zake angegeuka. Mume wangu alisimama pale pale akamtazama, akacheka. Jaldesa akaingia kwetu mbio, mkononi ana ile fimbo yake ya ng'ombe tu. "Geuka! Mzee, nakuomba, geuka!" Akamshika bega amgeuze. Mume wangu akainua ile nyundo akampiga nayo ya taya.

Woiye, ule mlio! Meno yalimwagika kwa sakafu yetu mpya ya simiti. Jaldesa alianguka, na bado akamwongeza nyingine ya mkono mpaka nikaona mfupa. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata. Hapo ndipo akanigeukia, akanikaba shingo kwenye fremu ya mlango, akisema, "Kumbe uko upande wao! Leo nakuua!" Miguu haikuwa inagusa chini. Macho yalianza kuingia giza, nikamfikiria mtoto wangu. Halafu nikasikia mume wangu akilia kama ng'ombe, akaniachilia. Amina alikuwa amepita kwa lile tundu, kichwa wazi hivyo hivyo, akammwagia sufuria ya chai ya moto mgongoni. Kisha akanilalia juu, akanifunika na mwili wake.

Majirani wakiwa bado wanagonga geti, mume wangu alichukua panga yetu ya kukata miti akaiweka karibu na mkono wa Jaldesa. Mimi niliona. Polisi walipofika akawaambia amevamiwa kwake na mtu wa panga. Sasa Jaldesa yuko hospitali, taya imefungwa waya hata kusema hawezi, na mguu umefungwa pingu kwa kitanda. Amina ameeleza yote lakini wanasema ni dadake, lazima amtetee. Huko nje vijana wameshaanza maneno ya Wameru na Waborana, na mama mmoja Mmeru wa kuuza miraa asiyejua hata mlango wetu amepinduliwa meza yake. Mtu aliyebaki wa kusema ukweli ni mimi.

Mume wangu ameniambia, "Jumatatu utaandikisha taarifa kituoni vile nimekufundisha. Ukibadilisha neno moja, nyundo bado iko." Mamangu naye kwa simu anasema mwanamke hafungi mumewe, nivumilie. Lile tundu tumelitundikia blanketi. Jana Amina akaniita kutoka upande wake: "Dada, shingo inaendelea aje? Umekula?" Hakuniomba chochote. Angenitukana ningepumua. Nililia mpaka nikatapika.

Ndugu zangu wa hii page, habari ya kuvumilia nimeshaambiwa. Kuhusu ukweli pia nimeamua, nitausema, hata kama sauti itatetemeka na yeye ameketi kando yangu. Lakini nawajua hawa watu, Meru nilienda kituoni mara mbili na uso umevimba, wakaniambia nirudi nyumbani tukaongee na yeye. Kwa mamangu nitarudishwa. Kwa Amina ni ukuta huo huo. Sasa mwenye anajua aniambie: Jumatatu nikishasema, nikitoka kwa mlango wa hicho kituo, niende wapi?