Petroli Iliyomrudishia Anti Taratibu Gari Lake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Anti Taratibu anazima redio, anashusha kioo na kuwaomba abiria wake wanyamaze. Wamevaa sare za shule na si watu wa kunyamaza, lakini leo wanatii. Gari linaanza kupanda mlima. Dereva anatega sikio mpaka kileleni, kisha anacheka peke yake, na watoto wanarudia kelele zao.

"Hofu haitoki kwa siku moja," anasema.

Jina la utani alipewa na watoto hao hao, kwa kuwa hakimbizi gari hata wakichelewa. Gari alilinunua kwa mstaafu mmoja aliyelitunza kama mboni ya jicho. Haukupita muda, kila akikanyaga mafuta mlimani, injini ikawa inagonga kama kokoto ndani ya kopo.

Akabadilisha oili, akabadilisha plagi, mlio uko pale pale. Mzazi mmoja akamhamisha mwanawe. Nyumbani, mumewe, fundi cherehani ambaye kazi zake ni za msimu, akampata mtu wa kulinunua kwa ajili ya spea.

"Baba watoto aliniambia, 'Mke wangu, tuliuze likiwa bado linatembea.' Gari hilo ndilo linalotulisha. Nikaingia bafuni, nikalia."

Akamwomba fundi wake wa magari alijaribu mara ya mwisho. Fundi akaamua kushusha injini, na kama kawaida yake akataka kwanza kupunguza mafuta kwenye tangi. Alipofungua kifuniko cha nje cha tangi, akashangaa.

"Akaniuliza, 'Dada, hii kandambili inafanya nini humu?' Nikamwambia kifuniko kilikuwa kinanipigia kelele, nikabandika kipande kitulie. Akakibandua."

Chini yake palikuwa na maandishi: petroli ya okteni 95 au zaidi. Anti Taratibu alikuwa anajaza ya 91, aliyoizoea tangu gari lake la zamani, tena bila kushuka kwenye kiti. "Ya kawaida!" humwambia mhudumu wa pampu, basi.

Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa ndani ya injini bila kuwaka kabla ya wakati wake. Injini ya gari hili inabana sana. 91 ilikuwa inawahi kuwaka, na zile ndizo kokoto.

"Fundi alikaa juu ya tairi, akacheka mpaka akashika mbavu. 'Nimekagua kila kitu,' akasema, 'mafuta tu sikuuliza!'"

Walijaza 95, wakapanda mlima wote wawili. Kimya. "Nikalia tena, safari hii mbele za watu. Nilijiona nimetua gunia."

Sasa madereva wenzake wote wanataka 95, naye anawakatiza. "Okteni kubwa si vitamini. Kama gari lako linatosheka na 91, hiyo nyingine haikuongezei kitu. Someni kifuniko kwanza."

Mwakani binti yake mkubwa anafikia umri wa leseni. Anti Taratibu atamfundisha kwa gari hili, kisha amwachie njia ya mlimani, yeye atafute gari la pili.

"Tulitaka kuliuza kwa spea," anasema, mkono ukiwa bado kwenye usukani. "Kumbe tulikuwa tunauza na riziki ya mtoto."